Mamogramu kwa wanawake trans tulio kwenye homoni: nani apimwe, lini, na siku yenyewe inaendaje

Sisi wanawake trans, yaani tuliozaliwa tukaandikwa wanaume, tukiwa kwenye homoni tunahitaji mamogramu, ile eksirei ya matiti ya kutafuta kansa? Hili swali linaulizwa kila mara na majibu yanayotolewa ni ya kubahatisha tu, mmoja anakwambia "wewe hauna shida hiyo ni ya wanawake wa kuzaliwa", mwingine anakutisha ati homoni ni kansa moja kwa moja. Wote wawili wamekosea. Kama una matiti yaliyoota kwa estrojeni basi una tishu ile ile ya matiti kama mwanamke mwingine yeyote, vijifereji vya maziwa na vifuko vyake, na popote palipo na hiyo tishu kansa inaweza kuingia. Ila haiingii kwa urahisi vile watu wanavyosema, na si kila mmoja wetu anahitaji mashine leo.

Shida yetu kubwa hata si kansa yenyewe, ni kwamba hakuna mfumo unaokujua. Kompyuta ya hospitali inaangalia herufi ya jinsia na umri basi, haijui ulianza estradioli, yaani dawa yako ya estrojeni, mwaka gani. Kwa hiyo hesabu ya nani apimwe lini inabidi uifanye mwenyewe, na huu mwongozo ni wa kukusaidia kuifanya.

Kwanza ujue hatari ni ya kiasi gani

Utafiti unaotajwa sana ulitoka Amsterdam, Uholanzi, ukatoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2019. Waliangalia wanawake trans 2,260 waliotibiwa homoni kwenye kliniki yao kuanzia 1972 hadi 2016, wakakuta 15 walipata kansa ya matiti iliyopenya kwenye tishu za jirani. Magazeti yakaruka na kichwa cha habari kwamba hatari yetu ni mara 46 ya wanaume. Ni kweli hesabu ilitoka hivyo, lakini hebu tulia kidogo, wanaume kansa ya matiti huwapata wachache mno, sasa ukizidisha kitu kidogo sana mara 46 bado unapata kitu kidogo. Ukilinganisha na wanawake wengine, hatari yetu kwenye utafiti huo huo ilikuwa kama theluthi moja tu ya yao. Hiyo ndiyo namba ya kushika kichwani.

Kingine cha kushika ni muda. Nusu ya waliougua walikuwa wametumia homoni kwa miaka 18 au zaidi, na aliyepata mapema kabisa alikuwa na miaka 7 ya homoni. Yaani kama umeanza mwaka jana na kifua kinakuuma, karibu hakika hicho ni kitu kingine, nitakieleza hapo chini.

Hatua ya 1: andika historia yako ya homoni

Chukua daftari au simu uandike: nilianza lini, nilitumia nini, niliacha lini, nikarudi lini. Usiseme nitakumbuka, hutakumbuka, hasa sisi wa huku ambapo dawa inapatikana mwezi huu na mwezi ujao duka halina. Andika vidonge, sindano, jeli, plasta, vyote. Na kama ulianza na vidonge vya kupanga uzazi kutoka kwa duka la dawa, andika pia, usione aibu, wengi walianza hivyo kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Vile vidonge vina estrojeni ya aina nyingine ambayo kwa kuganda damu ni mbaya zaidi, dokta yeyote atataka kujua.

Projesteroni iandike peke yake. Kuna ule utafiti mkubwa wa Marekani ambao sehemu yake ilisimamishwa 2002 baada ya kuonekana kwamba wanawake waliokoma hedhi wakipewa estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni, kansa ya matiti inapanda. Medroksiprojesteroni ndiyo iliyomo kwenye ile sindano ya Depo-Provera ambayo baadhi ya dada zetu wanachomwa. Hao wa utafiti walikuwa wakubwa kwa umri na mwili wao si sawa na wetu, kwa hiyo usiibebe hiyo habari kama hukumu, lakini dokta wako hawezi kuipima kama hajui unatumia.

Ukishaandika, hesabu miaka. Mstari unaotumika sana kwenye miongozo ni miaka 5. Ontario kule Kanada, ambako baadhi ya wakimbizi wetu wamepelekwa, mpango wao wa uchunguzi unataka iwe miaka 5 mfululizo. Kama wewe umekatakata, mpe dokta tarehe zote na msikie, usijikate mwenyewe kwa sababu ya pengo la miezi michache.

Hatua ya 2: uliza ya nyumbani

Hii ndiyo hatua watu wanairuka na ndiyo inayobadilisha kila kitu. Unatafuta: mama, dada, shangazi, nyanya aliyepata kansa ya matiti, hasa kabla ya miaka 50. Kansa ya ovari kwa yeyote. Mwanaume kwenye ukoo aliyepata kansa ya matiti. Kansa ya kongosho, na ile ya tezi dume iliyokuwa kali. Uliza pande zote mbili, maana watu huuliza upande wa mama peke yake wakati jeni zinazoitwa BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya kansa hizi, zinarithiwa kwa baba vilevile.

Najua wengine nyumbani hakuendeki. Tafuta hata mtu mmoja, binamu, shangazi mwenye roho nyepesi, umuulize kwa njia ya kawaida tu "hivi bibi alifariki na nini?" Huhitaji kumweleza kwa nini unauliza. Na kumbuka huku kwetu mara nyingi watu husema "alikuwa na kidonda cha kifua hakikupona" au "alirogwa titi likaoza", hapo jua ni nini.

Mambo mengine mawili ya kuweka kwenye daftari: kama uliwahi kuchomwa mionzi kifuani ukiwa kijana kwa ajili ya kansa nyingine, na kama una hali ya Klinefelter, yaani kromosomu XXY, kwani hiyo peke yake huongeza hatari hata bila homoni.

Hatua ya 3: jua uko kundi gani

Chini ya miaka 40, hakuna kitu kwenye ukoo: hakuna mamogramu ya kawaida kwako, hata kama uko kwenye homoni tangu ukiwa na 18. Usipoteze hela. Dalili zikitokea ni kesi nyingine.

Una 40 na kuendelea lakini homoni hazijafika miaka 5 na ukoo uko safi: bado pia. Weka alamu kwenye simu.

Una kati ya 40 na 49 na homoni zimevuka miaka 5: hapa wataalamu hawasemi sauti moja. Chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, kwenye mwongozo wa 2021, wanasema mamogramu kuanzia 40 inaweza kufaa. Wenzao wa chuo kikuu cha California pale San Francisco kwenye mwongozo wa 2016 wanasema ngoja 50. Mimi nikiulizwa, kwa mtu asiye na kitu kwenye ukoo, naelemea upande wa kungoja, kwa sababu hatari yetu ni ndogo na kila mamogramu inaweza kukuletea "rudi tuangalie tena" ya bure ambayo huku ni nauli, ni pesa, na ni kuvua nguo tena mbele ya watu wapya. Lakini mwenye wasiwasi aende, si vibaya, aongee na dokta.

Una 50 na juu, homoni miaka 5 au zaidi: nenda. Kila miaka miwili ndiyo kipimo cha San Francisco, hapa sina la kubishana.

Ukoo wako una BRCA, au ndugu wa karibu wawili watatu waliougua, au ulichomwa mionzi kifuani: wewe usifuate umri wowote niliotaja hapo juu. Kwa kundi hili Wamarekani wanaanza kuangalia hata kwenye miaka 25 hadi 30. Tafuta dokta wa kansa au wa jeni akupangie, na kama ni BRCA2 muulize pia habari ya tezi dume, kwa sababu hiyo tezi bado unayo hata kama umefanyiwa upasuaji wa chini, haitolewi. Alafu mwambie uko kwenye homoni, maana homoni zetu hushusha ile PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, namba inaweza kuonekana nzuri kumbe si nzuri.

Hatua ya 4: jua kifua chako kikoje siku za kawaida

Miezi ya kwanza ya homoni utasikia kama kisahani kigumu chini ya chuchu, kinauma ukigusa, saa ingine upande mmoja umetangulia mwingine. Hiyo ni titi linaota. Wasichana wa miaka 12 wanalo hilohilo. Huendelea kubadilika miaka miwili mitatu.

Ile habari ya kujipima kila mwezi kwa ratiba, ilijaribiwa Shanghai kwa wanawake zaidi ya 260,000, matokeo yakatoka 2002, haikupunguza vifo. Kwa hiyo usijitese na kalenda. Ila ujue matiti yako, ukioga, ukijipaka mafuta, ujue kawaida yake ili kisicho cha kawaida ukitambue. Na vitu hivi ukiviona usingoje umri wala miaka 5, nenda hata kama una miaka 26:

kinundu kigumu kisichosogea, hasa kisichokuwa katikati chini ya chuchu, ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, kidonda au magamba kwenye chuchu yasiyopona, damu kutoka kwenye chuchu, uvimbe kwapani, wekundu na joto ambalo antibiotiki haikuondoa.

Majimaji kama maziwa yakitoka pande zote mbili mara nyingi ni homoni ya prolaktini imepanda, siproteroni, ile dawa ya kuzuia testosteroni, inajulikana kwa hilo. Nenda upimwe damu lakini usikose usingizi. Damu ya upande mmoja ndiyo ya kukimbiza.

Hatua ya 5: pata mahali na rufaa

Uingereza wanaita watu wa 50 hadi kabla ya kufika 71, kila miaka mitatu. Ukiwa umesajiliwa kwa GP, yaani daktari wa familia, kama mwanamke barua inakuja yenyewe. Ukiwa umesajiliwa kama mwanaume haiji milele, inabidi umwambie GP wako akuombee. Wengi hawajui hii wanakaa wakingoja barua. Uholanzi ni 50 hadi 75, kila miaka miwili, na pale pia barua inafuata jinsia iliyoandikwa kwenye sajili. Marekani na popote penye bima, bili inaweza kukataliwa kwa sababu kadi inasema M na kipimo ni cha "wanawake". Usilipe haraka, piga simu, omba irekebishwe, na mwambie dokta aandike wazi kwenye fomu kwamba mgonjwa yuko kwenye estrojeni.

Kenya, mashine za mamogramu zipo hospitali kubwa za umma kama Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na za binafsi ziko nyingi Nairobi na Mombasa. Oktoba, mwezi wa kansa ya matiti, hospitali nyingi hushusha bei, ila uliza kwanza, kuna kambi za upimaji ambazo kinachofanyika ni kupapaswa tu na nesi, mashine hakuna. Tanzania kuna Ocean Road na Muhimbili, Uganda kuna Taasisi ya Kansa pale Mulago.

Sasa ile hofu yenyewe: kitambulisho kinasema mwanaume. Sikiliza, idara za radiolojia hupiga wanaume mamogramu, wanaume huota matiti kwa dawa za moyo, kwa ini, kwa vitu vingi, na wanaume hupata kansa ya matiti. Kwa hiyo kadi ya M mbele ya hiyo mashine si ajabu kwa fundi. Anachohitaji kujua kiafya ni vitu vitatu, unatumia estrojeni tangu lini, una vipandikizi vya matiti au silikoni ya kuchomwa au huna, na kuna dalili au hakuna. Historia ya maisha yako, unalala na nani, umefanyiwa nini chini, haimhusu na huna deni la kumweleza. Mahali ambapo sheria ni kali, kama Uganda baada ya ile sheria ya 2023 ya kupinga ushoga, ndiyo zaidi ubaki kwenye hayo matatu. Kile kifungu kilicholazimisha watu kuripoti wenzao Mahakama ya Katiba ilikifuta Aprili 2024, lakini karatasi ya mahakama na mdomo wa karani wa mapokezi ni vitu viwili tofauti. Kenya una Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayohesabu habari za afya kuwa nyeti, mtu akisambaza faili lako amevunja sheria.

Ukiweza piga simu siku moja kabla, omba uitwe kwa jina la ukoo pekee. "Otieno!" likiwa jina la ukoo hubebwa na mwanamke na mwanaume. Na nenda na mtu.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Usipake diodoranti, poda wala losheni kifuani na kwapani, zile chembechembe huonekana kwenye picha kama vidoti vya chokaa ambavyo ndivyo hivyohivyo wanavyovitafuta. Vaa nguo mbili, juu na chini, sio gauni. Ukivaa matiti ya bandia ndani ya sidiria yatolewe ukiwa chumbani mle, sio koridoni. Beba picha za zamani kama zipo.

Utavua juu tu. Suruali au sketi inabaki, na hakuna mtu atakayeangalia chini, nasema hivyo kwa sababu wengine wanakwepa kwa hofu hiyo. Fundi analiweka titi juu ya sahani, sahani ya juu inashuka inabana, unashika pumzi sekunde chache, basi. Picha mbili kila upande, moja kutoka juu na moja ya mshazari. Inabana kweli, kwa mwenye matiti machanga inauma zaidi, mwambie fundi aende taratibu. Titi dogo si tatizo, hata mwanaume anapigwa. Mionzi yake ni kidogo sana.

Vipandikizi: sema wakati wa kuweka miadi, sio ukifika, kwa sababu kuna picha za ziada ambapo kipandikizi kinasukumwa nyuma na tishu inavutwa mbele, sasa badala ya picha nne zinakuwa nane na muda unaongezeka. Kama vyako ni vya uso wa mkwaruzo, weka kichwani kwamba kuna limfoma, kansa ya mfumo wa kinga, adimu inayohusishwa navyo, ndiyo maana vya Allergan aina ya Biocell viliondolewa sokoni Julai 2019. Dalili yake kubwa ni titi moja kuvimba ghafla miaka baada ya upasuaji. Likivimba, maji yatolewe yapimwe, na usikubali kuambiwa ni maambukizi tu.

Silikoni ya kuchomwa kwa sindano, ile ya mtaani: nayo sema, tafadhali. Nani atakukamata? Ile silikoni hujitengenezea vinundu vigumu kila mahali, mamogramu inajaa mabonge meupe na ultrasaundi inaonyesha ukungu, hakuna anayeweza kusoma. Kinachofaa hapo ni MRI yenye dawa ya kung'arisha mshipani. Ni ghali, lakini kulipia mamogramu isiyosomeka ni hasara mara mbili.

Hatua ya 7: soma majibu yako

Ripoti itakuwa na namba inayoitwa BI-RADS. Sifuri maana yake picha hazijatosha, rudi uongezewe, sio kwamba umepatikana na kitu. 1 safi. 2 kuna kitu lakini hakina madhara. 3 inaelekea hakina madhara, uwezekano wa kansa ni asilimia 2 kushuka, utarudi baada ya miezi 6, na urudi kweli. 4 kinatia shaka, kitolewe kipande kipimwe. 5 karibu hakika, asilimia 95 kwenda juu. 6 ni kwa aliyeshathibitishwa tayari.

Pia kuna herufi A hadi D za uzito wa tishu. Sisi wengi tunaangukia kwenye C au D, tishu nzito, na kwenye tishu nzito uvimbe hujificha, kwa hiyo ukiwa na dalili na mamogramu ikasema safi, omba ultrasaundi. Usikubali kufukuzwa na karatasi safi wakati kinundu unakishika kwa vidole.

Ripoti na CD ya picha ni mali yako, dai nakala, miaka miwili ijayo msomaji atazitaka alinganishe.

Hatua ya 8: wakisema bayopsi

Bayopsi ni sindano nene baada ya ganzi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Vinundu vingi vinavyotolewa havina kansa, hata sisi tunapata vile vinundu visivyo na madhara na vifuko vya maji kama wanawake wengine. Ikiwa ni kansa, jambo la kwanza kuuliza ni vipokezi vya kwenye seli za kansa: ER (cha estrojeni), PR (cha projesteroni) na HER2, vimepimwa? Bila hivyo hakuna anayeweza kukuchagulia dawa sawasawa. Kule Amsterdam nyingi zilikuwa na ER, yaani zinalishwa na estrojeni.

Na hapo ndipo swali chungu linakuja, homoni zangu je? Usiache peke yako usiku wa majibu kwa woga, na usiendelee kimyakimya ukimficha dokta. Kwa kansa yenye ER madokta kwa kawaida watataka estrojeni isimame, na huenda wakakupa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni isiilishe kansa, ambayo nayo ina hatari ya kugandisha damu. Kama ulishatolewa korodani, mwili wako hautengenezi homoni ya kutosha ya aina yoyote, ukisimamisha estrojeni mifupa itaanza kudhoofika, kwa hiyo omba mifupa ipimwe na daktari wa homoni akae meza moja na wa kansa. Ukiwa bado unazo, mwili utarudisha testosteroni, nywele za usoni, sauti haitabadilika lakini mengine utayaona, na hilo liongelewe kabla sio baada. Kizuia testosteroni gani kinaweza kubaki, hilo ni swali la haki kabisa kuuliza, waulize, na waandike jibu kwenye faili.